Mtoto Akiondoka kwa Saratani ya Ubongo: Mwongozo wa Kumkumbuka

Kutoka Kasesya, pale forodhani ambapo ukivuka tu unaingia Zombe upande wa Zambia, hadi Muhimbili jijini Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Njia inapita Matai, Sumbawanga, Tunduma na Mbeya, na mzazi mwenye mtoto anayeumwa kichwa huipita kwa vituo: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, rufaa ya kanda Mbeya, ndipo basi la Dar. Kila kituo kinakula siku na fedha. Mpaka ijulikane kwamba ndani ya kichwa kuna uvimbe, mara nyingi miezi imeshapita. Mtoto aliyetoka kijijini akishikwa mkono anarudi ndani ya jeneza dogo, au harudi kabisa kwa sababu gharama ya kusafirisha mwili imeishinda familia.

Matibabu yana makala yake. Haya yanahusu kinachofuata, ambacho wazazi hawapewi karatasi yake wodini: namna ya kuishi na kumbukumbu ya mtoto huyo bila kuizika pamoja naye.

Kuzika tunakujua. Huku kwetu Ufipa msiba ukitokea watu hujaa, jumuiya inasali, wanawake wanapika, rambirambi zinaandikwa daftarini. Lakini msiba wa mtoto mdogo tunaufupisha. Matanga yanakuwa ya siku moja au mbili, wasifu wa marehemu hausomwi kwa kuwa eti hana wasifu, nguo zinagawiwa, na watu wazima wanashauriana jina lisitajwe ili mama asikumbuke. Kana kwamba amesahau! Mimi naona hapo ndipo tunapowaumiza wazazi kuliko ugonjwa wenyewe ulivyowaumiza. Mtoto aliyeishi miaka minne aliishi, na anastahili kukumbukwa kwa jina lake.

Kabla nguo hazijagawiwa

Mtu mzima akifa huacha shamba, nyumba, madeni na watu wa kumsimulia. Mtoto wa miaka minne huacha vitu vinavyoenea kwenye mfuko mmoja wa rambo. Navyo hupotea upesi, tena kwa nia njema: shangazi anafua nguo na kuzigawa, mjomba anachoma godoro, simu ya baba iliyojaa picha inauzwa kulipa deni la nauli. Kwa hiyo shauri la kwanza ni la haraka, na si lazima litekelezwe na wazazi wenyewe. Mama mdogo, baba mdogo au jirani mwenye utulivu apewe kazi hiyo tangu siku ya msiba.

Aanze na simu. Picha na video zihamishiwe kwenye simu mbili tofauti. Zikitumwa kwa WhatsApp zitumwe kama faili, kwa sababu zikienda kama picha za kawaida hupunguzwa ubora, na siku mtakapotaka kuzikuza sura itakuwa na ukungu. Sauti zitafutwe pia. Huenda mtoto alimtumia bibi salamu kutoka wodini, na ujumbe ule wa sekunde chache ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani. Ndugu wa Zombe na Mbala waulizwe nao, maana familia za mpakani zina harusi na ubatizo pande zote mbili, na mtoto anaweza kuwa amesimama pembeni kwenye picha ya mtu mwingine. Picha mbili tatu nzuri zisafishwe studio Matai au Sumbawanga na zifanyiwe laminesheni, kwa kuwa unyevu wa miezi ya mvua huharibu picha iliyobandikwa tu ukutani. Na kama haipo nyingine zaidi ya ile ya pasipoti iliyopigwa kwa ajili ya kadi ya bima, hiyo inatosha. Fundi ataikuza.

Nguo zote zisitoke. Bakisheni shati moja, kiatu, kikombe alichokipenda, gari alilojitengenezea kwa waya. Kama mama hataki nguo ifuliwe kwa kuwa bado ina harufu ya mwanawe, aachwe. Huo si wazimu.

Karatasi za hospitali zisichomwe. Wapo wanaozichoma wakiamini zinabeba ugonjwa. Saratani ya ubongo haiambukizi kwa karatasi, wala kwa nguo, godoro au mate. Barua ya rufaa, filamu za kipimo cha CT au MRI, majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara na karatasi ya mwisho ya wodini viwekwe kwenye bahasha moja isiyopitisha maji. Aina chache za uvimbe wa ubongo huambatana na hali zinazorithiwa katika familia, na daktari atakayemwona mdogo wake siku moja anaweza kutaka kujua ule wa kwanza ulikuwa wa aina gani.

Kisha kuna cheti cha kifo. Watoto wengi wa vijijini hufa kabla hata hawajapata cha kuzaliwa, na wazazi huona cheti hiki hakina kazi kwa kuwa mtoto hana mirathi. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo haibagui umri: kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30. Kilichotokea hospitalini huanzia kwa hospitali, na kilichotokea nyumbani huanzia kwa mtendaji. Kwa mkazi wa Kasesya ufuatiliaji unaishia Matai, kwenye ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya ya Kalambo, ambako kazi za RITA, wakala wa usajili, hufanywa kwa ngazi ya wilaya. Aliyefia Zambia husajiliwa huko. Usumbufu huo una maana zaidi ya karatasi ya kuweka sandukuni: mtoto asiyesajiliwa hahesabiwi, na ugonjwa usiohesabiwa haupangiwi fedha.

Uso wa miezi ya mwisho

Hapa saratani ya ubongo inatofautiana na magonjwa mengine yanayotuulia watoto. Malaria kali huchukua siku chache. Uvimbe wa ubongo huchukua wiki na miezi, na humbadilisha mtoto mbele ya macho ya wazazi wake. Ukikaa kwenye ubongo wa nyuma, mtoto hupoteza mizani na kuyumba akitembea. Ukiziba njia ya maji ya ubongo, shinikizo hupanda kichwani: anaumwa kichwa na kutapika hasa asubuhi, anakuwa mzito wa usingizi, anakasirika bila sababu. Jicho huenda upande, uso hulegea upande mmoja, maneno hukatika. Dawa nazo huacha alama. Deksamethazoni, inayopunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe, huufanya uso uwe wa duara na kumpa mtoto njaa isiyoisha pamoja na hasira. Dawa za saratani huondoa nywele, na mionzi vilevile.

Kwa hiyo picha za mwisho kwenye simu ni za mtoto ambaye hata bibi yake asingemtambua. Wapo wazazi ambao kila wakifumba macho huuona uso ule tu, ule wa kabla hauji. Wanajilaumu kwa hilo, wakati ndivyo akili inavyofanya kazi: lililo karibu na lenye uchungu husogea mbele. Lisaidieni lile la nyuma lisogee. Picha ya ukutani iwe ya kabla ya ugonjwa, akiwa uwanjani, akila, akiwa na kaka zake. Za hospitali ziwekwe kwenye bahasha na zikabidhiwe kwa ndugu, wala zisifutwe. Baada ya mwaka mmoja au miwili mzazi ataamua mwenyewe. Wengine huja kuzitaka, kwa sababu mtoto alicheka hata wodini, na kicheko cha wodini ni chake pia.

Na tabia zake za mwisho zisiwe ndiyo habari yake. Kama alimng'ata mama, alimfukuza baba, alikataa kushikwa na mtu, uvimbe ndio uliokuwa ukifanya hayo, kwa sababu sehemu za ubongo zinazoongoza hisia zilikuwa zimebanwa. Waliokuja kumjulia hali wakaondoka wakisema ana kiburi waelezwe hivyo, hata kama wamechelewa.

Mtoto hubaki yeye mwenyewe ndani ya mwili huo. Elena Desserich, wa Cincinnati nchini Marekani, alipatwa na saratani ya shina la ubongo, ile ambayo kisu cha daktari hakiwezi kuifikia na kuiondoa. Ugonjwa ukamnyang'anya sauti. Akaanza kuandika na kuchora vijikaratasi na kuvificha vitabuni, kwenye droo na kwenye mabegi ya nyumbani kwao. Alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 6, na wazazi wake wakaendelea kuviokota muda mrefu baada ya kumzika. Wao wakaanzisha mfuko wa utafiti uitwao The Cure Starts Now. Kama unasoma haya na mtoto wako bado yupo, na madaktari wamekwambia tiba imefika mwisho, mpe kalamu. Weka kiganja chake juu ya karatasi, ukizungushie wino. Ni kazi ya dakika moja, na hakuna namna ya kuifanya baadaye.

Kitabu chake

Kumbukumbu za namna hii Afrika Mashariki tumezifanya zamani, na tulijifunza kwa machungu. Miaka ya 1990 nchini Uganda, akina mama wa NACWOLA, chama kilichoundwa mwaka 1992 na wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI, akiwamo Beatrice Were, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Waliandika ukoo umetoka wapi, mtoto alizaliwaje, babu aliitwa nani, shamba la familia liko wapi. Mama aliandika akihofia hatakuwapo mtoto akikua. Mzazi aliyefiwa anaugeuza utaratibu uleule: aliyebaki anaandika habari za aliyetangulia, ili wadogo zake ambao hawajazaliwa waje kumjua.

Kinachohitajika ni kaunta buku na kalamu. Usianze na ugonjwa. Anza na siku aliyozaliwa: ilikuwa usiku au mchana, mahindi yalikuwa yanapandwa au yanavunwa, nani alikushika mkono. Jina alipewa na nani, na kwa sababu gani. Neno gani alilikosea mpaka nyumba nzima ikaanza kulitamka kama yeye. Alipenda ugali wa ulezi, au aliusukuma kando akitaka wali? Mgebuka kutoka Kasanga aliuanzia kichwani au mkiani? Aliogopa nini? Alimcheka nani? Alitaka kuendesha yale malori yanayosubiri forodhani? Akina baba, nimeona, hupenda kuandika tarehe. Tarehe zipo kwenye kadi ya kliniki. Mambo haya madogo ndiyo yanayosahaulika kwanza, na hakuna ofisi inayoyatunza.

Bibi asiyejua kuandika asiachwe. Mrekodini kwa simu akisimulia kwa Kifipa, Kimambwe au Kilungu, lugha yoyote aliyombembelezea mjukuu wake, na msimkatize kumrekebisha tarehe. Baba na mama wakitofautiana kuhusu tukio fulani, yaandikwe yote mawili. Kurasa za ugonjwa ziwepo, fupi: lini dalili zilianza, wodi gani, watoto gani alicheza nao, muuguzi gani alimwita mchumba. Mwishoni ziachwe kurasa tupu. Mambo yatakumbukwa miaka mitano baadaye, jembe likiwa mkononi, na yatahitaji mahali pa kuandikwa.

Lawama

Hakuna familia inayomkumbuka mtoto vizuri huku ikitafuta aliyemuua. Niseme wazi. Kwa sehemu kubwa ya saratani za ubongo za watoto, sayansi haijapata chanzo. Nyingi hazirithiwi. Hazitokani na kuanguka, wala kubebwa vibaya mgongoni, wala chakula alichokula mama akiwa mjamzito, wala kijicho cha jirani. Mtoto aliyeanza kwa degedege na kuishia kupooza upande mmoja huwapa watu mengi ya kusema, na yanayosemwa mara nyingi humwangukia bibi kizee au mke wa mtu. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na ambayo bado inatumika, inamfanya mkosaji yule anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Lakini kabla ya sheria kuna hesabu rahisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 duniani hupata saratani, Tokyo na London kama Kalambo. Hao wote hawakurogwa na jirani mmoja.

Lawama nyingine ni ya kimyakimya, mzazi kujilaumu mwenyewe: kwa nini sikumpeleka mapema? Kichwa na kutapika huku kwetu ni malaria, ni minyoo, ni tumbo, na mzazi aliyempa mtoto dawa ya malaria kwanza alifanya ambacho kila mtu mwenye akili angefanya. Uingereza, yenye vipimo kila mji, iligundua kwamba mwaka 2006 ilikuwa ikichukua zaidi ya wiki 14 tangu dalili ya kwanza hadi uvimbe wa ubongo wa mtoto kutambuliwa. Kampeni ya HeadSmart ilipoanza mwaka 2011 kuwaelimisha wazazi na madaktari, muda huo ukashuka hadi chini ya wiki 7. Kama madaktari wenye mashine pembeni walichelewa, wewe uliyekuwa na zahanati na bodaboda hukumwua mwanao.

Ndugu zake wanaobaki

Watoto wa nyumba ileile husahaulika kwenye msiba, wanatumwa maji na kuni. Waambiwe kwa maneno ya wazi: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, harudi. Mkisema amelala, mdogo wake ataogopa kulala. Mkisema amesafiri kwenda Dar, atamsubiri kila basi likifika, na siku moja atakasirika kwamba ameachwa. Mtoto wa chini ya miaka mitano haelewi kwamba kifo hakina kurudi, kwa hiyo atauliza swali lilelile mara nyingi. Ajibiwe mara nyingi, jibu lilelile.

Mkubwa kidogo ana hofu nyingine asiyoisema: je, na mimi kichwa kikiuma nitakufa? Aambiwe kwamba vichwa vingi vinavyouma vinapona, na kwamba ugonjwa wa ndugu yake haukuambukiza. Huenda pia aliwahi kumpiga kichwani wakicheza, na anaamini ndiyo sababu. Muulize, usingoje aseme. Mwalimu wa darasa la awali aarifiwe ili kiti cha mtoto kisiondolewe kimyakimya huku wenzake wakikodoa macho. Na mtoto akihitaji kuzungumza na mtu asiye wa nyumbani, simu ya huduma kwa mtoto namba 116 haina malipo.

Koo nyingi hulirudisha jina la marehemu kwa mtoto atakayezaliwa baadaye. Silipingi jambo hilo. Naomba tu lisifanywe haraka, na mwenye jina jipya aambiwe mapema kwamba alirithi jina, si maisha. Mtoto anayelelewa kujaza nafasi ya mwingine hushindwa kila siku mtihani ambao hakuomba kuufanya.

Kaburi la karibu, kaburi la mbali

Kaburi likiwa kijijini, msikimbilie saruji. Udongo mpya hushuka, na mvua za Rukwa, kuanzia Novemba hadi Aprili, huushusha zaidi. Kaburi lililojengewa Oktoba huweza kupasuka kabla ya Pasaka. Wekeni msalaba wa mbao au alama ya mawe, jina na tarehe vichongwe badala ya kuandikwa kwa rangi inayofutika, mngoje msimu mmoja wa mvua upite, mjenge wakati wa kiangazi. Kaburi la mtoto husahaulika mahali lilipo ndani ya kizazi kimoja. Pigeni picha likionekana pamoja na kitu kisichohama, mti mkubwa au kona ya kanisa.

Aliyezikwa Dar es Salaam ana shida kubwa zaidi, kwa kuwa wa nyumbani hawakumzika. Walisikia tu kwa simu. Kijiji ambacho hakikuona jeneza hubaki na mtoto aliyesafiri. Dawa yake ni kufanya ibada ya kumwombea nyumbani, mbele ya wale waliomfahamu, na si lazima iwe na sherehe ya kuchinja. Kanisa Katoliki, ambalo mizizi yake Ufipa inatokana na wamisionari waliofika Karema mwaka 1885, huadhimisha misa kwa ajili ya mtoto hata kama mwili haupo. Waislamu wana dua kwa ajili ya mtoto, inayomwomba Mungu amfanye mtangulizi na mwombezi wa wazazi wake. Mwambieni katekista au imamu kwamba mnataka jina litajwe na mtu mmoja asimulie maisha yake kwa dakika tano. Wasifu upo, mmeshauandika kwenye kaunta buku. Huko Dar ndugu mmoja apige picha kaburi na aandike jina la makaburi, mstari na alama, ili siku wazazi watakapopata nauli wasizunguke wakitafuta. Nyumbani, wanaotaka kupanda mti wapande parachichi la kubebesha, linalozaa ndani ya miaka michache na kuwalisha ndugu zake.

Siku zake kwenye kalenda

Siku mbili zitauma kila mwaka: ya kuzaliwa na ya kufa. Zisiwashtukize. Amueni wiki moja kabla mtafanya nini, hata kama ni kupika chakula alichokipenda na kuwaita watoto wa jirani. Wakatoliki wana tarehe 2 Novemba ya marehemu wote, na tarehe 28 Desemba ya Watoto Mashahidi. Tarehe 15 Februari ni siku ya kimataifa ya saratani kwa watoto. Jumapili ya pili ya Desemba, saa moja usiku kwa saa za kila nchi, wazazi waliofiwa duniani kote huwasha mshumaa. Utaratibu huo ulianzishwa na The Compassionate Friends, umoja wa wazazi waliofiwa uliozaliwa Uingereza mwaka 1969.

Ukiniuliza mimi, kumbukumbu iliyo bora kuliko zote haigharimu zaidi ya nauli ya Sumbawanga. Watoto wenye saratani huishiwa damu wakiwa kwenye dawa. Ndugu wenye umri wa miaka 18 hadi 65, wenye kilo 50 na zaidi, wakichangia damu hospitali ya mkoa siku ya kumbukumbu ya mtoto wao, mtoto wa mtu mwingine anaishi wiki hiyo. Mwanamume anaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Mama mwingine anaweza kuomba dakika tatu siku ya kliniki awaeleze wenzake dalili alizoziona: kichwa na kutapika asubuhi kwa zaidi ya wiki mbili, kuyumba, jicho kwenda upande, kichwa cha mtoto mchanga kukua kupita kawaida, degedege bila homa. Awaambie pia kwamba Muhimbili watoto wa saratani hutibiwa bure kwa msaada wa Tumaini la Maisha, shirika lililoanza mwaka 2011 na ambalo daktari Trish Scanlan kutoka Ireland ni mmoja wa waanzilishi wake. Maana wapo wanaouza ng'ombe wote kwanza, au wanaobaki nyumbani wakiamini ni tiba ya matajiri.

Mama Fulani na Baba Fulani

Kwetu mtu mzima huitwa kwa jina la mwanawe. Mama Neema huwa Mama Neema mpaka uzeeni. Sasa Neema akifa, na alikuwa wa kwanza? Majirani hubadilisha kimyakimya, wanaanza kumwita kwa jina la mtoto wa pili, wakidhani wanamhurumia. Kwa baadhi ya wanawake huko ni kufiwa mara ya pili. Kwa wengine ni nafuu. Hakuna anayejua mpaka aulizwe, na swali ni fupi: dada, ungependa tukuiteje?

Maneno ya "Mungu atakupa mwingine", "bora amepumzika" na "usilie, utamkufuru Mungu" yaachwe hata kama yanasemwa kwa upendo. Pole inatosha, na baada ya pole, swali kuhusu mtoto mwenyewe. Baba naye apewe pole yake. Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi mwaka 1969, alifiwa na binti yake Karen Januari 1962, mwenye miaka miwili, kwa uvimbe kwenye shina la ubongo. Alirudi kazini upesi na hakuzungumza habari zake ila kwa nadra sana. Wanaume wengi wa Ufipa wangemwelewa, nao pia hurudi shambani au kwenye lori siku ya tatu na kuonekana hawana uchungu. Aliyeajiriwa afahamu kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa angalau siku nne za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Azitumie.

Majonzi hayana muda wa kuisha, lakini yakiwa makali vilevile baada ya miezi sita, mzazi halali, hali, hawezi kazi, au anasema afadhali amfuate mwanawe, hiyo ni hali ambayo Shirika la Afya Duniani linaitambua kuwa ugonjwa na ina msaada wake. Apelekwe kituo cha afya au kwa afisa ustawi wa jamii, na anayesema anataka kufa apelekwe siku hiyohiyo, asiachwe peke yake. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure kwa ushauri.

Nawe msomaji usiyefiwa, fungua simu yako. Kama kuna picha ya ubatizo, harusi au mkutano wa hadhara ambamo mtoto huyo amesimama hata kwa pembeni, itume kwa wazazi wake leo, kabla simu haijaharibika, na uandike jina lake chini ya picha.